Vijana Hawaajiriki, au Hawaajiriwi?



Naandika haya nimetoka zamu ya usiku, saa mbili asubuhi hapa Hopkins, chai inapoa mezani na miguu imevimba. Kwa hiyo maneno yakitoka makali mtanivumilia. Lakini kuna jambo nimelibeba tangu sherehe yetu ya Uhuru kule Brooklyn Park, na naona nisipolitema litanikaba.

Siku ile, baada ya wimbo wa taifa na kabla ya pilau, mzee wetu mmoja ninayemheshimu sana alipewa kipaza sauti aseme neno kwa vijana. Akasema kweli. Alisema vijana wa Bongo siku hizi hawaajiriki. Kwamba wana madigrii lakini kichwani hamna kitu, kwamba wanachagua kazi, wanataka ofisi yenye kiyoyozi, na kwamba sisi wenzao tuliokuja huku tulibeba boksi, tukaosha vyombo, tukatawaza vikongwe, na leo tuna nyumba na magari. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Na mimi, sifichi, nilipiga makofi mawili matatu ya adabu. Ni pale nilipokuwa narudi nyumbani kwenye barabara ya 169, watoto wamelala kiti cha nyuma, ndipo aibu iliponishika.

Mzee wangu, najua haya yatakufikia. Shikamoo. Naomba nikujibu kwa maandishi kwa sababu pale ukumbini adabu haikuniruhusu.

Hilo neno "hawaajiriki" lina ujanja ndani yake. Badili herufi moja tu, useme "hawaajiriwi", na mambo yote yanageuka. Ukisema kijana haajiriki, kosa ni lake: shule yake, tabia yake, uvivu wake, hata nywele zake. Ukisema haajiriwi, mtu yeyote mwenye akili lazima aulize, na nani? Ndiyo maana wakubwa wetu wanalipenda sana lile la kwanza. Hutawasikia hata siku moja wakitamka la pili.

Mimi si mchumi na sitaki kujifanya mchumi. Nitasema ninachokijua, nacho ni uuguzi. Na nimeuchagua makusudi, kwa sababu kwa mhitimu wa fani nyingine mtu anaweza kubisha kwamba soko halimhitaji, kwamba kozi yake imepitwa na wakati. Sawa, tubishane. Lakini nani atasimama mbele ya watu aseme Tanzania haihitaji wauguzi?

Nilimaliza shahada ya uuguzi mwaka 2014, nikafanya mwaka mmoja wa intanshipu katika hospitali moja kubwa (jina nalihifadhi), nikapata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mwisho wa 2015 nikarudi nyumbani kungoja kupangiwa kituo. Waliotutangulia walingoja miezi michache wakaitwa. Kwetu ikaingia serikali mpya, na Juni 2016 ikatoka amri ya kusimamisha ajira mpya serikalini mpaka watumishi hewa wahakikiwe. Tukaambiwa ni kwa muda mfupi. Nani angepinga? Watumishi hewa walikuwepo kweli. Mwaka uliofuata wakatajwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na mimi nilishangilia kwa sauti sebuleni kwa mama, nikijua hizo ni nafasi zetu. Nikangoja. Nikauza vitenge. Nikafanya kazi katika zahanati moja ya mtu binafsi iliyokuwa inanilipa inapojisikia. Mwaka 2017 nikashinda bahati nasibu ya Green Card, na Februari 2018 nikatua Minnesota na sweta la mtumba wa Karume.

Huku sikuchagua kazi, mzee wangu. Nilianza kama msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, nikiwageuza na kuwaogesha, na usiku nasoma. CGFNS wakavichukua vyeti vyangu vya Tanzania wakavipekua somo kwa somo, nikafanya mtihani wa NCLEX, na mwaka 2020, korona imepamba moto, nikapata leseni ya Minnesota. Hospitali ikanichukua. Shahada ni ile ile. Kichwa ni kile kile. Sasa naomba mtu aniambie, ni lini nilianza kuajirika? Ndege ilipokuwa juu ya Atlantiki?

Na deni la Bodi ya Mikopo nimelimaliza nikiwa hapa hapa Hopkins. Yaani nchi yangu ilinikopesha ili nijifunze kuuguza, ikakataa nisiiuguze, na sasa matunda yanaliwa na vikongwe wa Kimarekani ambao wala hawajui Tanzania iko upande gani wa dunia. Wazuri sana hao vikongwe, sina ugomvi nao.

Mtasema mtu mmoja si hoja. Haya, chukueni watu 258. Machi 2017 ujumbe wa Kenya ulikwenda Ikulu Dar es Salaam kumwomba Rais Magufuli madaktari 500, maana madaktari wao walikuwa ndiyo kwanza wametoka kwenye mgomo wa siku mia moja. Tukakubali kuwapa. Madaktari wa Kenya wakakimbilia mahakamani, wakalalamika kwamba na kwao kuna madaktari wasio na kazi, na mahakama ikazuia. Aprili, Rais akaamuru madaktari 258 waliokuwa wameomba na kukidhi vigezo waajiriwe nyumbani mara moja. Wakaajiriwa! Kwa hilo nilimpigia makofi na bado nampigia. Lakini niulize, hao 258 walikuwa wapi mwezi Februari? Walikuwa mitaani, katika nchi ambayo kuna vituo vya afya havijawahi kumwona daktari. Walikuwa "hawaajiriki" mpaka siku mtu mmoja aliposema waajiriwe. Na tazameni kichekesho chenyewe: nchi mbili jirani, zote zina uhaba wa madaktari, zote zina madaktari wasio na kazi, moja inakwenda kuazima kwa mwenzake.

Kama mnadhani ni miujiza ya Afrika Mashariki peke yake, siyo. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilipozindua mkataba wa uwekezaji katika watumishi wa afya wa Afrika, Windhoek, Mei 2024, lilikuwa linazungumzia bara ambalo litapungukiwa na watumishi milioni 6.1 ifikapo 2030, wakati zaidi ya robo ya waliokwisha kufundishwa hawana ajira. Someni tena hiyo sentensi. Na kwetu, nyaraka za Wizara ya Afya zimekiri kwa miaka mingi kwamba zaidi ya nusu ya nafasi zinazotakiwa katika hospitali, vituo na zahanati hazina mtu.

Sasa nishuke kutoka kwenye tarakimu nije nyumbani kwetu.

Oktoba 2023 mama yangu alipata kiharusi akalazwa katika hospitali moja ya mkoa. Mdogo wangu wa mwisho naye ni muuguzi, kamaliza 2020, leseni anayo na anailipia. Ajira hana. Miezi minane alikuwa amejitolea katika hospitali hiyo hiyo bila mshahara, nauli juu yake, akiambiwa ajira zikitoka wanaojitolea watafikiriwa kwanza. Zikatoka. Hakufikiriwa. Akaacha, akafungua kibanda cha uwakala wa pesa za simu.

Wodi aliyolazwa mama usiku ilikuwa na muuguzi mmoja kwa wagonjwa arobaini na kitu. Mmoja! Mimi hapa Minnesota nikipewa wagonjwa watano zamu moja natoka nimelowa jasho. Kwa hiyo simlaumu yule dada hata kidogo, alikuwa anakimbia kama kuku aliyekatwa kichwa, huku dripu imeisha, kule mtoto wa watu anakata roho. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili. Kila muuguzi anajua. Mama yangu alilala siku tisa bila kugeuzwa inavyotakiwa. Na mdogo wangu, ambaye kazi hiyo ameisomea kwa mkopo wa serikali, alikuwa nje ya geti na kitenge begani, mlinzi anamwambia, "Dada, muda wa kuona wagonjwa umekwisha." Alikuwa ananipigia simu kutoka pale getini. Mimi niko kwenye chumba cha mapumziko cha wauguzi, maili elfu nane, nalia na sandwichi mkononi. Mama alitoka hospitali na kidonda cha mgongoni ambacho ningeweza kuingiza ngumi. Kilichukua miezi saba kupona, kikamtesa kuliko kiharusi chenyewe.

Mzee wangu, usiku ule, ni nani aliyekuwa haajiriki?

Najua jibu litakalokuja: fedha hakuna. Hili nalijibu kwa heshima kwa sababu lina ukweli nusu. Serikali yoyote ina ukomo wa mishahara. Na si jambo jipya. Zamani mhitimu wa Mlimani alikuwa anapangiwa kazi na serikali, barua inamsubiri, wengi wa wazee wetu wanaotupigia kelele leo hawakuwahi kuandika barua ya maombi hata moja mpaka walipokuja Ulaya na Marekani. Kisha yakaja mageuzi ya utumishi wa umma yaliyosukumwa na wafadhili, na mwaka 1993 ajira mpya zikasimamishwa na watu wakapunguzwa. Wodi zikaanza kukauka tangu wakati huo, huku watoto wanazaliwa kama kawaida. Kwa hiyo ndiyo, fedha ni suala. Lakini fedha ni uamuzi! Aprili 2001 wakuu wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Imepita zaidi ya miaka 20, sisi hatujafika. Mashangingi je, yamewahi kusimamishwa mpaka yahakikiwe? Nauliza tu.

Fedha za kumdai mhitimu nazo zilipatikana mbinu haraka sana. Mwaka 2016, mwaka ule ule wa kusimamisha ajira, sheria ya mikopo ilibadilishwa ili makato yapande kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Ongezeko la asilimia 6 kila mwaka la kulinda thamani ya deni lilikuja kufutwa 2021, na tulishukuru. Lakini angalieni mpangilio: mkono mmoja unafunga mlango wa ajira, mwingine unaongeza makato.

Kuhusu kuchagua kazi, mzee wangu, hapo ndipo uliponiudhi hasa. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Picha zile mmeziona, wamekaa majukwaani kama wamekwenda kutazama Simba na Yanga. Baadhi yao nilisoma nao. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 na maombi yakafika 135,027. Ni watu themanini na wengine kwa kiti kimoja. Mtu anayechagua kazi hapangi foleni na wenzake themanini. Mapema mwaka huo huo walimu wasio na ajira waliunda umoja wao, NETO, kulalamikia kufanyishwa mitihani ya usaili baada ya kukaa mtaani miaka mingi. Wanaomba kwenda kufundisha vijijini! Wewe unasema wanataka kiyoyozi.

Halafu kuna wimbo wa kujiajiri. Kila kiongozi akikosa la kusema kwenye mahafali anawaambia vijana wajiajiri. Haya, muuguzi ajiajirije? Afungue wodi uani, awalaze majirani? Labda duka la dawa muhimu, kwa mtaji wa nani, na hata akilifungua, tumepata duka, tumepoteza muuguzi. Mdogo wangu amejiajiri. Anatoa na kuweka pesa kwenye kibanda cha mabati, na anajua kumzalisha mama mwenye mapacha. Kama huo ndio ushindi wa ujasiriamali, mimi nimeshindwa kuusherehekea.

Sasa nisije nikaonekana nawabeba vijana tu. Vyuo vibovu vipo. Nimewapokea hapa wadogo zetu wenye shahada ambao kuandika barua moja ni shughuli. Oktoba 2021 Waziri wa Afya wa Kenya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende Uingereza, waliofaulu ni 10. Watu walicheka sana. Lakini ule ulikuwa mtihani wa lugha ya wenyewe, haukupima kama mtu anajua kufunga kidonda. Mgonjwa wa Kisii au wa Singida anataka muuguzi mwenye mikono safi na masikio, hana haja na Kiingereza cha Malkia. Na aibu kubwa zaidi mbona haikuchekwa: serikali ilikuwa imesaini mkataba wa kupeleka wauguzi Uingereza, wakati wodi za nyumbani zina pengo. Waliofeli walibaki bila kazi, waliofaulu waliondoka. Mgonjwa wa Kenya alipoteza pande zote mbili.

Wengine walikuwa na kazi, ila mwajiri wao hakuwa serikali. Wauguzi na washauri wengi wa kliniki za UKIMWI walikuwa wanalipwa na miradi ya Marekani. Januari 2025 Rais Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada, barua za kusitisha kazi zikatembea, na Julai mosi USAID ikafungwa rasmi. Jumatatu mtu anaheshimika, anapima watu virusi, Ijumaa anatafuta kazi. Naye utamwambia haajiriki? Mishahara ya kazi ya msingi kabisa ya taifa tulikuwa tumeiacha mikononi mwa mpiga kura wa Ohio.

Na msidhani huku ni peponi. Septemba 2022 wauguzi kama 15,000 wa Minneapolis, Saint Paul na Duluth tuligoma siku tatu, na nilisimama barabarani na bango nikiwa na koti la mvua. Mshahara ulikuwemo, lakini kilio kikubwa kilikuwa idadi ya wauguzi kwa zamu. Wakubwa wa hospitali wanasema wauguzi hawapatikani. Chama chetu kikasema wauguzi wapo, wamechoka kufanya kazi ya watu watatu. Pale kwenye bango ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikukielewa nikiwa nauza vitenge: upungufu wa watumishi unaweza kuandikwa na mtu, kwa kalamu, kwenye bajeti, halafu ukaitwa jina la ugonjwa. Tofauti ni kwamba huku tulikuwa na wa kumgomea. Asiye na ajira atamgomea nani?

Ndiyo maana namalizia kwetu sisi tulio nje, tunaopenda kushika vipaza sauti. Kila mwaka tunachangishana kupeleka makontena ya vitanda vya hospitali. Nimechanga, nimepanga masanduku, nimepigwa picha. Sasa nasema wazi, kitanda hakimgeuzi mgonjwa. Mama yangu alilala kwenye kitanda kizuri kabisa, cha chuma, cha kuzungushwa kwa mkono, pengine kilitoka huku huku. Kontena lijalo mimi sichangi mpaka hospitali inayopelekewa ituonyeshe kwa maandishi ina nafasi ngapi za wauguzi, ngapi zina mtu, na ngapi zina mtu anayelipwa, siyo wa kujitolea. Kujitolea kwa mtu mwenye leseni kupewe jina lake, ni kazi bila mshahara, na sheria za kazi tunazo.

Na mheshimiwa akija tena kutuhubiria uwekezaji na viwanja, kabla hajapewa mgolole na picha, tumuulize swali hilo hilo la nafasi. Tumuulize kwa Kiswahili, polepole, na tusikae chini mpaka ajibu. Mzee wangu, wewe una sauti kuliko mimi. Nakuomba kipaza sauti ukishike wewe siku hiyo.

Jana mdogo wangu kaniandikia. Ameitwa kwenye usaili mwingine, Dodoma, wa nne huu. Anataka nauli na hela ya kulala siku mbili. Nimemtumia. Amefunga kibanda mpaka Ijumaa, na mama ameachiwa jirani.

Naomba kuwasilisha.